Kuosha Injini ya Gari la Spoti: Maji Kidogo, Usalama Mwingi

Jumamosi asubuhi vituo vya kuoshea magari hujaa. Katika foleni hiyo hakosi kuwepo mwenye Subaru Impreza WRX, gari la spoti linalopendwa na Wakenya wengi. Sifa zake nyingi zilitokana na mbio za magari. Mwaka 2000, dereva Mwingereza Richard Burns alishinda Safari Rally hapa Kenya akiendesha Impreza.

Mwenye gari huomba lioshwe nje, ndani na chini ya boneti. Kijana wa kazi hufungua boneti na kuelekeza mashine ya presha kwenye injini ingali moto. Kwa dakika mbili matope yote yametoka. Lakini gari likiwashwa linatetemeka, au taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, au haliwaki kabisa. Hapo ndipo ugomvi huanza: ni nani atalipa?

Ugomvi huo unaepukika. Injini husafishwa ikiwa imepoa, kwa brashi, kitambaa na maji kidogo. Somo hili ni la mwenye gari na la mwosha magari pia, maana hasara huwagusa wote wawili. Humgusa hata jirani anayechota maji ya mto ulio karibu.

FAIDA YA INJINI SAFI

Injini safi si urembo tu. Vumbi na mafuta yakiganda pamoja huficha mahali panapovuja. Kwenye injini ya Subaru, ambayo silinda zake zimelala ubavuni, mafuta yakivuja kwenye vifuniko vya pembeni huweza kudondokea mabomba ya ekzosi yaliyo chini yake na kutoa moshi na harufu ya kuungua. Injini ikiwa safi, fundi huona tatizo hilo mapema.

Majani makavu, viota vya panya na vitambaa vilivyosahauliwa chini ya boneti pia ni hatari, kwa sababu vinaweza kushika moto vikigusa sehemu yenye joto kali. Hata hivyo, kuosha hakuzibi panapovuja. Panapovuja patengenezwe na fundi kwanza.

SEHEMU ZISIZOTAKA MAJI

Magari ya kisasa yana nyaya nyingi na sensa zinazotuma taarifa kwa kompyuta ya gari. Maji ya presha hupenya hata mahali ambapo maji ya mvua hayafiki. Sehemu za kulindwa ni hizi:

• Betri na kisanduku cha fyuzi. Maji yakiingia huleta shoti na kutu.

• Alteneta, ambayo huchaji betri. Ina matundu ya kupitisha hewa, kwa hiyo maji huingia kwa urahisi.

• Plagi na koili zake. Kwenye Subaru, plagi ziko ubavuni mwa injini. Mpira unaoziba ukizeeka, maji huingia na injini huanza kukosa moto kwenye silinda moja au zaidi.

• Kisanduku cha chujio la hewa pamoja na sensa iliyo karibu nacho.

• Turbo. Chuma chake huwa na joto kali sana baada ya safari, na maji baridi ya ghafla yanaweza kukipasua.

• Kipoza hewa cha turbo, ambacho kwenye Impreza WRX kipo juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Mapezi yake ni laini na hupindwa na maji ya presha, kama yalivyo mapezi ya rejeta.

KABLA YA KUANZA

Gari liegeshwe mahali tambarare, penye hewa ya kutosha, mbali na mtaro na mbali na jiko au mtu anayevuta sigara. Injini izimwe na ufunguo utolewe. Kisha isubiriwe mpaka mtu aweze kuigusa kwa mkono bila kuungua. Baada ya safari ndefu huenda ikachukua saa moja au mbili. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe wakati injini ina joto, kwa kuwa maji yaliyo ndani huruka kwa nguvu na kumbabua mtu.

Anayefanya kazi avae glavu na miwani ya kukinga macho. Pete, saa na bangili zivuliwe, kwani chuma kikigusa ncha mbili za betri huleta cheche na kuchoma ngozi.

Vifaa si vingi: brashi ya rangi, mswaki uliozeeka, vitambaa vikavu, ndoo moja ya maji, chupa ya kunyunyizia, dawa ya kutoa grisi inayoyeyuka kwenye maji, na karatasi ya nailoni ya kufunikia. Kizima moto cha poda kiwe karibu.

Petroli isitumike kamwe. Mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi, na cheche ndogo inatosha. Mafuta ya taa na dizeli pia yaepukwe. Baadhi ya watu hupaka dizeli ili injini ing'ae, lakini mafuta hayo hudhoofisha mipira, hukusanya vumbi upya na hubaki yakingoja joto. Sabuni kali yenye magadi makali nayo huharibu sehemu za alumini.

HATUA KWA HATUA

1. Waya wa hasi wa betri, wenye alama ya kutoa (−), ufunguliwe kwanza. Ukianza na waya wa chanya na spana ikagusa bodi ya gari, cheche hutokea. Mwenye gari ahakikishe kwanza kwamba anazo namba za siri za redio, kama gari linazidai.

2. Majani na uchafu mkavu utolewe kwa mkono na brashi. Kwa vumbi, upepo wa kompresa wa nguvu ndogo unafaa, mradi usielekezwe kwenye sensa.

3. Betri, kisanduku cha fyuzi, alteneta, plagi na mlango wa hewa vifunikwe kwa nailoni. Kifuniko cha mafuta ya injini na kijiti cha kupimia vikaguliwe kuwa vimekaza.

4. Dawa ya kutoa grisi ipakwe kwenye brashi au kitambaa, si kumwagwa juu ya injini. Sehemu moja ifanywe kwa wakati mmoja. Dawa iachwe kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa na isikaukie hapo. Mikanda isipakwe, kwani huteleza na kupiga kelele.

5. Uchafu usuguliwe taratibu, kisha ufutwe kwa kitambaa chenye maji. Panapohitaji kusuuzwa, chupa ya kunyunyizia inatosha. Mashine ya presha iachwe kwa magurudumu na sehemu za nje.

6. Kila mahali pakaushwe kwa kitambaa kikavu. Nailoni itolewe, vitambaa vihesabiwe ili kisibaki hata kimoja, na boneti iachwe wazi juani kwa saa moja hivi.

7. Waya wa betri urudishwe, ule wa hasi ukiwa wa mwisho. Gari liwashwe nje, si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa kuwa moshi wa ekzosi una hewa ya sumu inayoua. Injini isikilizwe kwa dakika kumi. Ikitetemeka au taa yake ikiwaka, izimwe, iachwe ikauke zaidi, na fundi aitwe kabla ya safari.

MAJI MACHAFU YAENDE WAPI?

Maji yanayotoka kwenye injini hubeba mafuta, grisi na chembe za chuma. Mitaro ya barabarani ilijengwa kwa maji ya mvua, na mingi huishia mitoni bila maji hayo kusafishwa. Kanuni za Ubora wa Maji, zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, zinakataza kumwaga vichafuzi kwenye vyanzo vya maji. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya.

Nyumbani, mchanga au vumbi la mbao litandazwe chini ya gari ili linyonye mafuta. Kwenye kituo cha kuoshea magari, pajengwe shimo la kutenganisha mafuta na maji. Kwa kuwa mafuta huelea, hubaki juu na maji hutoka kwa chini. Mafuta hayo yakusanywe na kukabidhiwa wenye leseni ya kuyachukua. Vitambaa vyenye mafuta viwekwe kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, visichomwe.

AJALI IKITOKEA

Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila kupakwa mafuta wala dawa ya meno. Dawa au asidi ya betri ikiingia machoni, macho yaoshwe kwa maji mengi safi kwa angalau dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali. Moto ukizuka chini ya boneti, boneti isifunguliwe wazi, kwani hewa huuongezea nguvu. Watu wasogee mbali na msaada uombwe kwa kupiga 999 au 112.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini waya wa hasi wa betri hutolewa kwanza?
2. Taja sehemu tatu za kufunikwa kabla ya kuosha.
3. Kwa nini petroli haifai kusafishia injini?
4. Maji yenye mafuta yakiingia mtaroni huishia wapi?

Mwosha magari anayeweza kujibu maswali haya ana kila sababu ya kumwomba mteja asubiri injini ipoe. Naye mteja anayeyaelewa hatamharakisha.