Dhana ya Kutoepukika katika Kiswahili: "Lazima" na "Budi" kwa Mwanafunzi wa Mbinga na Ufuko wa Ziwa Nyasa

Wilayani Mbinga, na katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, Kiswahili kwa watoto wengi ni lugha ya pili. Milimani hutanguliwa na Kimatengo. Ufukoni na Kimanda, Kimpoto au Kinyanja. Makala haya yanachunguza mada ambayo masomo ya sarufi huipitia kwa haraka, yaani namna ya kueleza jambo lisiloepukika.

Mifano ifuatayo yatosha kuonyesha tatizo:

(1) Lazima boti irudi Mbamba Bay jioni.
(2) Lazima boti itarudi Mbamba Bay jioni.

Neno lazima halikubadilika. Katika (1) kitenzi kiko katika dhamira tegemezi, na nahodha amepewa agizo. Katika (2) kiko katika wakati ujao, na msemaji anaeleza yakini yake tu. Kwa anayesubiri ufukoni huku upepo wa mwera ukivuma, tofauti hiyo si ndogo. Mwalimu anayefundisha lazima bila kitenzi kinachoifuata amefundisha nusu ya somo. Vivyo hivyo mkulima:

(3) Kahawa mbichi ikirundikwa siku nyingi lazima itaoza.

Hapa hakuna anayeamriwa, yanatajwa matokeo. Kikantoni, kwa kulinganisha, hutumia njia nyingine: yat ding hueleza yakini, na penye wajibu huongezewa yiu. Kazi inayofanywa huko na neno la ziada, katika Kiswahili hufanywa na umbo la kitenzi.

Budi ina matata zaidi. Asili yake ni Kiarabu, maana yake ni njia ya kuepa, nayo huandamana na ukanushi:

(4) Mwera ukichafua ziwa, wavuvi hawana budi kukaa nchi kavu.

Mwanafunzi akidhani kuwa budi ni kisawe cha lazima, huandika *wavuvi wana budi kukaa. Kosa hili lina mantiki yake, lakini linapindua maana: wavuvi sasa wanayo njia ya kukwepa. Muundo hawana budi ila kukaa hufichua maana ya asili waziwazi, na ungefaa kutangulizwa darasani.

Sharti, kwa upande wake, hubaki katika uwanja wa agizo. *Sharti kahawa itaoza haikubaliki.