Umeme wa Jua: Soma Mkataba Kwanza

Umeme wa jua hauna moshi kama kibatari. Lakini mtambo wake ni ghali. Kwa hiyo wengi huupata kwa mkataba. Nchini Kenya, kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza mitambo hiyo kwa mkopo mwaka 2012. Mnunuzi hutoa malipo ya kwanza, kisha hulipa kidogo kidogo kwa simu. Asipolipa, taa hazitawaka.

Mikataba ni ya aina mbili:

1. Kununua mtambo. Ukimaliza deni, mtambo ni mali yako.
2. Kununua umeme tu. Mtambo ni mali ya kampuni. Utalipa muda wote utakaotumia umeme.

Tufanye hesabu. Tuseme malipo ya kwanza ni shilingi 3,000, kisha shilingi 50 kila siku kwa siku 365.

50 x 365 = 18,250
18,250 + 3,000 = 21,250

Shilingi 50 ni ndogo, lakini deni ni kubwa. Usitie sahihi wala dole gumba kabla ya kujua jumla yake.

Maswali

1. Mtambo utakuwa mali ya nani?
2. Betri ikiharibika, nani atalipa?
3. Wewe hutumia shilingi ngapi za mafuta ya taa kwa mwaka? Linganisha.