Nafuu ya Kodi na Akiba kwa Mtu Mwenye Ulemavu Nchini Kanada
Mwongozo kwa familia zinazozungumza Kiswahili

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha familia zilizohamia Kanada kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Tanzania, Kenya na Uganda, wakiwemo wengi waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma. Kama nyumbani kwenu yupo asiyeona, asiyesikia, anayetembea kwa taabu, mtoto mwenye usonji, au mtu mzima ambaye maradhi ya akili yamemzuia kujitunza, yaliyomo humu yanamhusu yeye na yanamhusu anayemlea.

Serikali ya Kanada imetenga fedha kwa ajili ya watu hawa, lakini hakuna atakayebisha hodi kuwaletea. Lazima ziombwe. Kuziomba si aibu wala si kuomba sadaka: ni haki iliyowekwa na sheria kwa sababu kuishi na ulemavu kuna gharama ambazo wengine hawazibebi.

Kila kitu kinaanzia kwenye cheti kimoja

Cheti hicho ni cha Nafuu ya Kodi kwa Mtu Mwenye Ulemavu. Hospitalini na maofisini utasikia kikiitwa DTC. Anayekitoa ni Mamlaka ya Mapato ya Kanada, yaani CRA. Kwa mwaka wa kodi wa 2024, kiasi cha msingi cha nafuu hiyo katika kodi ya serikali kuu kilikuwa dola 9,872. Kwa kiwango cha asilimia 15 kilichotumika mwaka huo, kodi ilipungua kwa karibu dola 1,480, na majimbo nayo yana nafuu zao.

Wengi hukata tamaa hapa: "Mwanangu hafanyi kazi, halipi kodi, nafuu hii itamsaidia nini?" Kuna majibu mawili. Kwanza, nafuu ambayo mwenyewe hawezi kuitumia inaweza kuhamishiwa kwa mzazi, mwenzi wa ndoa au ndugu anayemtegemeza, ikapunguza kodi yake. Pili, hata kama nyumba nzima hakuna anayedaiwa kodi, cheti hicho ndicho kinachompa mtu sifa ya kupata mambo haya:

- Nyongeza ya posho ya mtoto mwenye ulemavu. Ni kwa aliye chini ya miaka 18, na huingia pamoja na posho ya watoto ya kila mwezi. Kuanzia Julai 2025 hadi Juni 2026, kiwango cha juu kiliwekwa kuwa dola 3,411 kwa mwaka. Haikatwi kodi.
- Posho ya Ulemavu ya Kanada. Ni kwa wenye miaka 18 hadi 64 wenye kipato kidogo. Ilianza kulipwa Julai 2025, kwa kiwango cha juu cha dola 200 kwa mwezi. Huombwa Service Canada, ofisi ya huduma za serikali kuu, kwa maombi ya peke yake.
- Akaunti ya akiba ya RDSP, ambayo tutaieleza kwa urefu.

Nani anastahili

Kwa kawaida CRA haiangalii jina la ugonjwa. Inaangalia ugonjwa au ulemavu huo unamfanyia nini mtu katika maisha ya kila siku. Maeneo yanayopimwa ni kuona, kusikia, kusema, kutembea, kwenda haja, kula, kuvaa, na kazi za akili kama kumbukumbu, umakini na uamuzi. Wapo pia wanaotegemea tiba ya kuwaweka hai, na kuanzia mwaka wa kodi wa 2021 mwenye kisukari cha aina ya kwanza anahesabiwa miongoni mwao.

Ulemavu uwe umedumu, au unatarajiwa kudumu, kwa miezi 12 mfululizo au zaidi. Mtu awe hawezi kabisa kufanya jambo hilo, au linamchukua angalau mara tatu ya muda wa mtu wa umri wake asiye na ulemavu, na hali iwe hivyo karibu wakati wote, hata akiwa na dawa, fimbo au kifaa. Asiyefikia kipimo hicho katika eneo moja, lakini ana vikwazo vikubwa katika maeneo mawili au zaidi, anaweza kukubaliwa kwa kuvijumlisha.

Zungumza na daktari bila kuficha

Fomu inayotumika ni T2201. Sehemu ya kwanza inajazwa na mwombaji au mzazi wake. Sehemu ya pili inajazwa na mtaalamu wa afya. Daktari anaweza kuthibitisha maeneo yote. Wengine, kama mtaalamu wa macho, wa usikivu, wa viungo, wa tiba ya usemi au mwanasaikolojia, huthibitisha yale ya fani yao. Mtaalamu anaweza kujaza sehemu yake kwenye mtandao.

Maombi mengi ya watu wetu yanaharibikia katika chumba cha daktari. Tumelelewa kwamba ukiulizwa hali ya mgonjwa, unajibu "hajambo, tunamshukuru Mungu," hata kama usiku kucha hamkulala. Ni adabu njema kwa jirani aliyekuja kukujulia hali. Daktari, hata hivyo, ataandika kile alichosikia, na CRA itasoma kwamba mgonjwa hajambo. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Kwa hiyo jiandae kabla ya miadi. Kwa wiki moja, andika kwenye karatasi mambo yanayotokea nyumbani: Baba anachukua muda gani kuvaa shati, na nani anamfungia vifungo? Mtoto anaweza kuachwa peke yake chumbani? Mama anakumbuka kuzima jiko? Ni mara ngapi kwa siku mnambadilisha nguo? Mpe daktari karatasi hiyo. Mweleze pia tatizo lilianza mwaka gani, na umwombe auandike mwaka huo kwenye fomu.

Kama Kiingereza au Kifaransa kinakupa shida, omba mkalimani wakati wa kupanga miadi. Usimtumie mtoto kutafsiri. Kuna mambo ya mwili wa mzazi ambayo mtoto hatayasema, na mzazi hatayatamka mbele yake.

Fedha za miaka iliyopita

Cheti kinaweza kurudi nyuma hadi miaka 10. Kama ulemavu ulikuwepo tangu mlipofika Kanada na daktari amelithibitisha hilo, CRA inaweza kupiga upya hesabu ya kodi za miaka mliyokwisha kuishi hapa na kuwarudishia kilichozidi.

RDSP: akiba ambayo serikali inachangia

RDSP ilianza mwaka 2008. Ni akaunti ya muda mrefu inayofunguliwa benki kwa jina la mtu mwenye cheti cha DTC, aliye chini ya miaka 60, mkazi wa Kanada na mwenye namba ya bima ya jamii (SIN). Serikali huweka humo fedha za aina mbili.

Ruzuku. Kwa familia yenye mapato chini ya dola 110,000 kwa mwaka, kila dola katika dola 500 za kwanza mnazoweka inaongezewa dola 3, na kila dola katika 1,000 zinazofuata inaongezewa dola 2. Mkiweka 1,500, serikali inaweka 3,500. Ruzuku ya maisha yote haizidi dola 70,000.

Bondi. Familia yenye mapato chini ya dola 36,000 inawekewa dola 1,000 kila mwaka hata kama yenyewe haikuweka senti. Bondi ya maisha yote haizidi dola 20,000.

Chukua mfano wa familia yenye kipato kidogo inayoweka chini ya dola 10 kwa wiki, yaani dola 500 kwa mwaka. Ruzuku itakuwa 1,500 na bondi 1,000. Mwisho wa mwaka akaunti ina dola 3,000, kabla hata ya faida ya uwekezaji.

Mambo ya kuzingatia:

- Hadi mwaka anaotimiza miaka 18, mapato yanayoangaliwa ni ya wazazi. Kuanzia mwaka anaotimiza 19, ni yake mwenyewe, pamoja na ya mwenzi wake kama ameoa au ameolewa. Mtu mzima asiye na kazi anaweza kupata bondi kamili hata kama wazazi anaoishi nao wana mishahara.
- Hesabu hutumia ritani ya kodi ya miaka miwili nyuma. Kijana aanze kujaza ritani yake kwa mwaka anaotimiza miaka 17, hata kama hana kipato.
- Fedha hizi ni za baadaye. Kwa kila dola 1 mtakayotoa, hadi dola 3 za ruzuku na bondi zilizoingia katika miaka 10 iliyopita zinarudi serikalini.
- Jimbo la Ontario haliihesabu RDSP linapopima haki ya mtu kupata ODSP, yaani msaada wa jimbo hilo kwa watu wenye ulemavu. Katika majimbo mengine, ulizeni kabla ya kufungua akaunti.

Jihadharini na wanaodai asilimia

Zipo kampuni na watu binafsi wanaojitokeza kuwajazia fomu kwa sharti la kupata sehemu ya fedha mtakazorudishiwa. Tatizo hili ni kubwa kiasi kwamba Bunge la Kanada lilipitisha sheria mwaka 2014 ya kudhibiti malipo hayo. Kuwasilisha T2201 ni bure. Daktari anaweza kutoza ada ya kujaza sehemu yake. Tunzeni risiti, kwa kuwa ada hiyo huweza kudaiwa kama gharama ya matibabu kwenye ritani. Ritani zenyewe hujazwa bure kwa wenye kipato kidogo katika kliniki za kodi za kujitolea, ambazo nyingi hufanyika katika vituo vya jamii.

Maombi yakikataliwa

Msiache. Someni sababu iliyoandikwa kwenye barua, rudini kwa daktari aongeze maelezo, kisha ombeni CRA iyapitie tena. Mnaweza pia kuweka pingamizi rasmi ndani ya siku 90 tangu tarehe ya barua ya uamuzi.

Hatua kwa mpangilio

1. Jazeni ritani za miaka yote ambayo hamkujaza.
2. Andikeni maelezo ya wiki moja ya maisha ya nyumbani.
3. Pangeni miadi na daktari, na muombe mkalimani.
4. Wasilisheni T2201 kwa mtandao au kwa posta, na mbaki na nakala.
5. Mkipata cheti, ombeni CRA ipitie kodi za miaka ya nyuma, kisha nendeni benki kufungua RDSP.
6. Kwa maswali, pigeni simu CRA namba 1-800-959-8281, au Serikali ya Kanada namba 1-800-622-6232.

Ruzuku na bondi hukoma mwisho wa mwaka ambao mtu anatimiza miaka 49. Akaunti ikifunguliwa kabla ya hapo, serikali inaweza kulipa stahili za hadi miaka 10 ya nyuma ambayo mtu alikuwa na sifa. Ikichelewa, hailipi chochote. Kama ndugu yenu amevuka miaka 40, pangeni miadi ya daktari wiki hii.