Kujifunza kwa Mashine: Mfano wa Ndege Inayopaa Songwe

Malengo. Ukimaliza mada hii uweze: (a) kueleza maana ya kujifunza kwa mashine, (b) kutofautisha data za kufundishia na data za kupimia, (c) kueleza kwa nini mashine iliyofundishwa mahali pamoja hukosea pengine.

1. Tatizo lenyewe

Ukitoka Kyela kwenda kupanda ndege, unapandisha milima kupitia Tukuyu hadi Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioanza kutumika Desemba 2012. Pakiti ya krispi uliyonunua Kyela hufika huko imevimba. Sababu ni kwamba Ziwa Nyasa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Songwe iko zaidi ya mita 1,300. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo injini na mabawa hupata nguvu pungufu, na ndege ya uzito uleule huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi ardhini kuliko ikiwa Dar es Salaam.

Ikishapaa, kuna taratibu mbili kuu:

- *Kupanda kwanza.* Ndege hupanda haraka hadi kama mita 900, ndipo iongeze mwendo. Kelele hupungua kwa wanaoishi karibu na uwanja.
- *Kuongeza mwendo mapema.* Kwa kawaida huokoa mafuta na hupunguza kelele kwa walio mbali, lakini walio karibu husikia zaidi.

Utaratibu unaofaa hutegemea uzito, joto, upepo na makazi yaliyo chini.

2. Mashine hujifunzaje?

Kujifunza kwa mashine ni tawi la akili unde ambamo kompyuta hugundua kanuni kutokana na mifano mingi, badala ya kuandikiwa kila kanuni. Hupewa kumbukumbu za safari zilizopita: uzito, joto, upepo, mafuta yaliyotumika na kelele iliyopimwa. Kisha hutabiri safari ijayo. Nchini Marekani, NASA imejaribu programu za aina hii katika viwanja vya Dallas. Hutabiri muda wa kuondoka ili ndege zisisubiri ardhini injini zikiunguza mafuta.

Jifikirie wewe mwenyewe. Mitihani iliyopita yenye majibu ndiyo *data za kufundishia*. Mtihani usiouona kabla ndio *data za kupimia*. Aliyekariri majibu hupata alama zote kwenye karatasi za zamani, akaanguka namba zikibadilishwa. Mashine nayo hukariri, ndiyo maana hupimwa kwa safari ambazo haijawahi kuziona.

3. Mfano uliofanyiwa kazi

*Swali:* Mashine imefundishwa kwa safari za Dar es Salaam pekee. Je, itumike Songwe?

*Jibu:* Hapana, isitumike kabla ya kufundishwa na kupimwa upya. Dar es Salaam iko karibu na usawa wa bahari. Kwenye kimo cha Songwe, kwa hali ya kawaida ya angahewa, uzito wa hewa katika kila mita ya ujazo hupungua kwa karibu asilimia 12. Mashine haijawahi kuona hali hiyo, kwa hiyo utabiri wake hauaminiki.

Angalizo. Watahiniwa wengi huandika kwamba mashine "huchagua njia bora". Bora kwa nani? Ukiiambia iokoe mafuta tu, itaokoa mafuta hata kama ndege itapita juu ya wodi ya wagonjwa. Lengo huwekwa na binadamu. Mashine hushauri, na rubani pamoja na mwongoza ndege hubaki na wajibu wa kuamua.

Maswali ya kujipima

1. Taja data nne zinazohitajika kutabiri mafuta ya kupaa.
2. Kwa nini data za kupimia zisichanganywe na za kufundishia?
3. Mvuvi wa Matema aliyezoea pepo za Ziwa Nyasa amehamia Bahari ya Hindi. Eleza anavyofanana na mashine ya swali la mfano.
4. Shule yenu iko karibu na uwanja wa ndege. Pendekeza utaratibu mmoja wa kupaa, na utaje hasara yake.