Jicho la Mtoto Huona kwa Msaada wa Ubongo
Mtoto hazaliwi akiona vizuri kama mtu mzima. Macho hupokea mwanga, lakini ni ubongo unaojifunza kuutambua, hasa katika miaka ya kwanza ya maisha.

Katika miaka ya 1960, watafiti David Hubel na Torsten Wiesel waliziba jicho moja la watoto wa paka kwa wiki kadhaa. Lilipofunguliwa, jicho lenyewe halikuwa na kasoro, lakini seli nyingi za ubongo zilikuwa zikilihudumia lile lingine pekee. Mwaka wa 1981 walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Hali kama hiyo humpata mtoto mwenye makengeza, mtoto wa jicho, au jicho moja linaloona hafifu kuliko lingine. Ubongo huliacha jicho dhaifu, naye mtoto halalamiki kwa kuwa hajui tofauti.

Tiba huwa miwani, upasuaji, au kuziba jicho lenye nguvu kwa saa kadhaa kila siku ili ubongo ulitumie lile dhaifu. Matokeo huwa bora mtoto akitibiwa kabla ya kufikisha miaka 7.

Mzazi akiona makengeza yasiyoisha au mboni inayong'aa nyeupe, ampeleke mtoto katika kituo cha afya mara moja. Asisubiri aanze shule.