Mwanamke na Biashara Ndogo

Katika vijiji vya Kongo, mwanamke hulima, huchota maji na kutafuta kuni. Mihogo yake akiisha kuivuna, huiloweka majini siku tatu au nne, huianika juani, kisha huitwanga. Nani basi atasema ya kuwa hafanyi kazi? Hata hivyo siku ya soko mara nyingi ana kikapu kimoja tu cha kuuza.

Je, biashara haimfai mwanamke? Lidia wa Tiatira, aliyebatizwa huko Filipi, alikuwa mwuza nguo za zambarau, naye alimkaribisha Mtume Paulo nyumbani mwake. Kitabu cha Matendo ya Mitume hakisemi kwamba aliachishwa kazi hiyo.

Kizuizi cha kwanza ni nafasi. Atwangaye kwa mkono hawezi kushinda sokoni. Mashine ya kusaga ingempunguzia kazi, lakini mashine hudai fedha kabla unga haujauzwa.

Kizuizi cha pili kilikuwa katika sheria yenyewe. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, kifungu cha 448, ilimlazimisha mke kupata ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kwa mapatano ya kisheria, kama vile kukopa fedha. Mume hakulazimishwa kumwomba mkewe ruhusa ya namna hiyo. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iligeuza jambo hilo: sasa yawapasa wote wawili kupatana. Lakini desturi haifutwi kwa kalamu, na mke asiyejua kusoma atajuaje kwamba kifungu kimegeuzwa?

Tena kuna shida ya mtaji. Banki hutaka rehani, na shamba analolilima mke mara nyingi huhesabiwa kuwa la mume au la ukoo. Kwa hiyo wanawake hufanya likelemba. Mfano: wanawake kumi hutoa kila mmoja franka elfu mbili kila juma, na mmoja wao hupokea elfu ishirini zote kwa zamu. Hakuna karatasi wala riba. Kuna kuaminiana tu, ndiyo maana huchaguana kwa uangalifu sana. Aliyepokea hununua mafuta ya mawese au samaki wakavu, apate kuuza. Lakini mume akizidai fedha hizo kwa pombe, au mtoto akiugua juma lile lile, mtaji umekwisha, na zamu nyingine iko mbali, majuma kumi.