Somo: Fedha za Ugenini na Kahawa Iliyo Mtini

Ndugu wanachama, somo letu safari hii twalitoa mbali na visiwani, huko Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, nchi ya kahawa na migomba. Tumekwenda huko kwa sababu ugonjwa wao na wetu ni mmoja.

Wao huuita butura. Mibuni imechanua maua tu, mavuno bado, na nyumbani pana shida: mtoto ataka sare, mgonjwa ataka dawa. Mwenye fedha hupita, akalipa papo hapo kwa bei ya kutupa, na kahawa ikiiva huwa yake. Serikali imekataza, lakini biashara hiyo haijafa. Mwanachama ambaye hajapata kuona karafuu zikiuzwa mtini namna hii na anyoshe mkono!

Watu wa Kagera ni wasafiri. Zamani walivuka kwenda Buganda kutafuta kazi. Leo watoto wao wako Mwanza, Dar es Salaam, hata Ulaya. Husemwa kwamba fedha wanazoleta huishia tumboni, hazizai biashara. Sisi hatukubali. Tufanye hesabu ya mfano. Mzee ana shida ya shilingi 100,000. Kwa butura atatoa magunia mawili, kila moja 50,000. Mwanawe akimletea 100,000 mwezi wa Februari, zitaliwa zote, kweli. Lakini magunia yale yamebaki yake. Katikati ya mwaka atavuna, ataanika, atayapeleka mwenyewe chama cha msingi. Bei ikiwa 150,000, amepata 300,000. Huo ndio mtaji wa duka, au wa miche mipya. Umetoka katika fedha iliyonunua dawa.

Basi jambo kubwa ni mwezi wa kufika fedha. La pili ni gharama. Ndani ya nchi simu imerahisisha mambo tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2008. Kutoka ng'ambo bado ni ghali: Benki ya Dunia ilihesabu mwaka 2023 kwamba kupeleka dola 200 Afrika kusini ya Sahara hula karibu dola 16. Mara nyingi vijifungu vidogo vidogo huliwa zaidi na ada kuliko fungu moja kubwa.

Mwenye mtoto Muscat au London na amwandikie sasa, amtajie mwezi na kiasi, kabla wenye fedha hawajaanza kupita mashambani.